Shetani Hakai Kwenye Simu

Wiki iliyopita mhubiri mmoja redioni alitangaza kwamba hata Wajapani, mafundi wakubwa wa mitambo, wamekiri kupitia filamu zao za kutisha kuwa televisheni na simu ni milango ya mashetani. Nimekereka mno, maana filamu hizo zinasema kinyume chake.

Katika Ringu ya Hideo Nakata, ya mwaka 1998, anayetazama mkanda wa video anakufa baada ya siku 7. Lakini Sadako, mzimu wa msichana unaoua kupitia mkanda huo, hakuzaliwa nao. Alipigwa kichwani akasukumwa kisimani na daktari aliyepaswa kumlinda. Mwishoni Reiko, mama ambaye mwanawe ameutazama mkanda, anabeba mashine ya video kwenda kwa baba yake mzazi, ili mzee autazame mkanda na mjukuu apone. Anayeamua nani afe ni binadamu. Katika Chakushin Ari ya Takashi Miike (2003), ukifuatilia simu inayoita unakuta mtoto aliyemtesa mdogo wake nyumbani kwao. Dhambi ni ya watu. Mashine ni njia tu.

Wengine hung'ang'ania: kama televisheni haina kosa, mbona Sadako anatoka humo? Haya, katika filamu ya Ju-on mzimu wa Kayako unatokea ndani ya blanketi. Nani amewahi kuhubiri dhidi ya blanketi?

Si mhubiri peke yake anayezipotosha filamu hizi: wanaozitafsiri kwa makelele kwenye vibanda vya video nao wanatuharibia. Katika Kairo ya Kiyoshi Kurosawa (2001), ambamo mizimu huja kupitia intaneti, mzimu wa mwanamke unamjia kijana polepole, unayumba nusura uanguke. Onyesho la namna hiyo linataka mtu anyamaze!

Waliotengeneza miendelezo waliamini kama mhubiri kwamba ubaya uko kwenye kifaa, ndiyo maana walivurunda. Rasen, mwendelezo wa Ringu, ilitoka siku moja nayo, ikaeleza laana kuwa ni virusi. Watazamaji wakaisusa, na Ring 2 ikatengenezwa mwaka 1999 kana kwamba Rasen haikuwahi kuwepo. Sadako 3D ya 2012 ikamhamishia Sadako kwenye video ya intaneti, ikajaza viumbe vyenye miguu kama ya wadudu. Wamarekani walipoirudia Kairo mwaka 2006, waliwakimbizia watu mahali pasiposhika mtandao. Kurosawa hakufanya hivyo. Kwake vijana wawili, Michi na Ryosuke, wanaondoka Tokyo, wanapanda meli, wanafika katikati ya bahari, na bado Ryosuke anageuka doa jeusi ukutani. Simu ipi imemfuata huko?