Barua ya wazi kwa Bodi ya Mfuko wa Barabara: tengeni fungu la kuilinda tozo

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,

Nawaandikia kutoka Mtwara. Nina Canter moja. Msimu wa korosho nabeba magunia kutoka Tandahimba na Newala kuyaleta mjini, na msimu ukiisha nabeba chochote: saruji, mbao, hata vyombo vya harusi. Kila lita ninayotia kwenye tangi imeshakatwa tozo yenu kabla sijawasha gari, kwa hiyo mnisome kama mchangiaji anayeulizia mchango wake.

Nianzie 2010. Mwaka ule neno kuchakachua lilizaliwa upya kwenye sheli, kisha likahamia kwenye kura. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, dizeli ushuru mkubwa, na wajanja wakaona riziki katikati. Canter niliyokuwa nayo ilianza kukohoa nikirudi kutoka Newala. Fundi alifungua nozeli zote nne, akachovya kidole, akanusa, akaninyooshea mimi pia ninuse. "Bosi, hii siyo dizeli, hii supu." Nozeli zile zilikula faida yangu ya msimu mzima.

Serikali ilijibu kwa njia mbili. EWURA ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama isiyoonekana kwa macho, kwenye mafuta mwaka huohuo wa 2010. Halafu bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, ili tamaa ya kuchanganya iishe. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu safi, na nikiri kwamba nozeli zangu zilipumzika. Ila mama yangu kijijini hakuwa na gari. Alikuwa na koroboi, na mafuta yake alinunua kwa kichupa. Nilipokwenda kumsalimia aliniuliza, "Mwanangu, hivi koroboi langu nalo linatembea barabarani?" Nilicheka, kisha nikakosa jibu. Wakwepaji walifanya yao, na aliyelipa ni bibi anayetafuta sindano gizani. Kumfuata mwizi kwa gari na mashine ya kupimia kulikuwa na gharama. Kupandisha ushuru kulihitaji sentensi moja bungeni.

Kinachonirudisha kwenye habari hiyo ni bandari yetu. Tangu 2018 meli za mafuta yanayoagizwa kwa pamoja zinashusha hapa Mtwara, na kila mwezi EWURA inatangaza bei ya Mtwara pembeni ya ile ya Dar es Salaam na ya Tanga. Ni jambo jema. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, na malori yakalala foleni, sisi wa kusini tulijua maana ya kuwa na gati letu wenyewe.

Pale gatini macho hayapungui. Kuna watu wa bandari, TRA, wapima vipimo, wenye maghala. Lori la mafuta ya kutumika nchini likipakia, linawekewa vinasaba; la kwenda nchi jirani haliwekewi, kwa kuwa halidaiwi kodi ya hapa. Mpaka hapo mambo yamenyooka. Lakini lori likishatoka getini lina kilomita mia kadhaa mbele yake, Masasi, Tunduru, Songea, na usiku ni mrefu. Likimwaga mzigo wa nje kwenye tangi la sheli ya ndani, nani ataona? Mafuta yale hayana rangi ya kuyasema. Ni mashine tu inayoweza kusoma kwamba vinasaba havipo au vimepungua, na mashine haitembei yenyewe.

Hasara yake mnaweza kuihesabu: chukueni tu ile shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA. Zidisheni kwa lita 35,000 za lori moja. Ni milioni tatu na nusu, kabla hamjagusa tozo nyingine na ushuru wa bidhaa. Kijijini kwetu hizo ni kalavati na vifusi vya kuzibia shimo ambalo kila masika hunivunjia springi.

Wamarekani walilitazama tatizo hili wakafanya kitu ambacho ningependa mkitazame. Sheria yao ya barabara ya 1991 ilitenga fedha kwa serikali za majimbo mahsusi kwa kuwasaka wanaokwepa kodi ya mafuta na ya magari ya barabara kuu: wakaguzi, mafunzo, kupashana habari. Miaka michache baadaye dizeli isiyolipiwa kodi, ile ya matrekta na mitambo, wakaitia rangi nyekundu. Mkaguzi anachungulia tangi la lori barabarani. Akiona wekundu, kesi imeanza. Sisi tumefanya kinyume: alama tunaitia kwenye yaliyolipiwa, nayo haionekani kwa macho. Sina ugomvi na njia yetu, maana alama isiyoonekana ni ngumu kuighushi. Ila inataka vifaa, gari, na mtu aliyelipwa posho ya kulala Tunduru.

Hapo ndipo penye ombi langu. Najua nyinyi hamkusanyi. TRA ndiyo inayokusanya. EWURA ina leseni, TBS ina viwango, polisi wana barabara. Kila mmoja ana kipande chake, na kazi yenye wenyewe wengi hukosa mwenyewe. Najua pia sheria inataka si chini ya asilimia 90 ya fedha za Mfuko iende kwenye matengenezo na dharura, na sitaki ipungue. Naomba mpeleke pendekezo kwa waziri: ruzuku ndogo ya ukaguzi, yenye jina lake kwenye vitabu, ipewe mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, kwa kazi moja tu ya kupima mafuta yakiwa yameshatoka bandarini. Wapime sheli za porini bila taarifa. Wasimame Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja na Kilambo penye kivuko, wahesabu lori lililoandikiwa kuvuka kama kweli limevuka.

Wanaouza petroli kwenye chupa za maji pembeni ya barabara waacheni wa mwisho. Wengi wameinunua sheli kwa bei halali, wanamsaidia bodaboda ambaye sheli iko mbali naye. Nawajua wakaguzi wetu: chupa ni rahisi kukamata kuliko lori.

Na matokeo yabandikwe. Zimepimwa sheli ngapi, zimeanguka ngapi, imerudi shilingi ngapi. Bandikeni kwenye ubao wa halmashauri, palepale inapobandikwa minada ya korosho, tutasoma.

Gari la ukaguzi litakapofika njia ya Newala, Canter yangu ni ya bluu, mara nyingi imeegeshwa Mahuta kwa mama ntilie kuanzia saa saba mchana. Nyonyeni dizeli kutoka tangi langu kwanza. Risiti ya sheli iko kwenye droo ya dashibodi, isipokuwa siku zile mhudumu anaponiambia, "Mzee wangu, mtandao umekata."

Wenu,
Mwenye Canter, Mtwara