Godoro Lipimwe kwa Mizani

Kuna mambo ambayo mtu huona haya kuyasema mbele za watu, nami leo nitasema moja. Mimi, mtoto wa pwani, niliyelelewa katika nyumba ambayo kila mwaka fundi wa magodoro aliketi barazani na shazia yake mkononi, nilidanganywa katika kununua godoro. Na aliyeumia kwa udanganyifu huo si mimi. Ni binti wa dada yangu.

Binti huyo ni mwalimu, na kazi ilimpeleka Marani, katika nchi ya Wakisii. Siku alipokuwa akihama kutoka Mombasa nilisema kwa fahari, kama ilivyo ada ya mjomba, kwamba kitanda na godoro ni juu yangu. Nikaingia duka moja, nikaonyeshwa godoro la futi 4 kwa 6, nene inchi 8, limevikwa kitambaa chenye maua na kung'aa kama zawadi ya harusi. Ubavuni liliandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni godoro zito la daraja la juu. Nilibonyeza mara mbili kwa kiganja, likainuka. Nikalipa. Sikuuliza jambo jingine.

Miezi minane baadaye nilifunga safari kwenda kumtazama, maana nilipata habari kuwa ni mja mzito na mumewe yuko kazini huku Mombasa. Nilipita Nairobi, nikapita Narok, mpaka Kisii mjini, na huko nikapanda matatu ya kwenda Marani. Ni nchi ya vilima na migomba, kijani kitupu, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500. Mvua haiko mbali msimu wowote, na usiku baridi huingia mifupani. Mtu wa pwani akifika huko hutambua kwamba kulala ni kazi inayotaka vifaa.

Kwa heshima aliniachia kitanda chake, yeye akaenda kulala kwa mama jirani, Mkisii wa makamo mwenye ukarimu mwingi. Basi nikajilaza juu ya zawadi yangu mwenyewe. Haikufika saa sita za usiku nikajua nimelala shimoni. Katikati ya godoro palikuwa pamebonyea kama karai, na kila nikigeuka mbavu zangu zilihesabu chaga za kitanda moja baada ya moja. Nilipoamka kusali alfajiri, kiuno kilikataa kunyooka.

Asubuhi akaja. "Shikamoo mjomba. Umelalaje?"

"Marahaba mwanangu. Salama, alhamdulillahi."

Nilisema uongo, na yeye alijua kuwa ni uongo. Mimi nami nikatambua kuwa kwa muda wa miezi kadhaa, kila nilipompigia simu na kumwuliza hali ya nyumba, yeye pia alikuwa akiniambia "salama" ya namna ile ile, asije akamvunja moyo mjomba wake. Tulikuwa tumestahiana mpaka mgongo wa mja mzito ukageuka kuwa gharama ya adabu yetu.

Aliyekata shauri ni yule mama jirani. "Mzee," aliniambia, "sisi wazee wetu walilalia ngozi ya ng'ombe. Ilikuwa ngumu, lakini haikumdanganya mtu. Binti yako jana kalala kwangu bila kugeukageuka. Godoro lako hilo ni upepo." Tukalikunja, tukalifunga kamba, tukalipeleka kwa mwuza mahindi mwenye mizani ya kutundika. Sindano ikasimama kwenye kilo 7, pamoja na kitambaa na maua yake yote.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningeifanya dukani. Ubora wa sponji hutajwa kwa idadi ya kilo zinazopatikana katika mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi huwa na kilo 15 hadi 18 hivi, na hiyo hubonyea upesi. Sponji inayoweza kumbeba mtu mzima kwa miaka huanzia kama kilo 25 na kupanda. Sasa godoro la futi 4 kwa 6, nene inchi 8, ni futi 16 za ujazo, yaani kasoro kidogo nusu ya mita ya ujazo. Lingekuwa la kilo 25 kwa mita, lingepasa kuwa na kilo 11 na ziada. Langu lilikuwa na 7. Zile kilo 4 zilizopungua ndizo nilizouziwa kwa maandishi.

Msomaji asidhani kuwa nawalilia wazee wa zamani na kulaani sponji. Sponji hii, ambayo asili yake ni kazi ya mtaalamu Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937, imemwondolea maskini taabu nyingi. Godoro la usumba lilikwaruza na kutoa vumbi. Godoro la sufi lilikuwa raha, na sufi ina sifa yake, maana hainywi maji upesi na ndiyo maana zamani ilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini. Lakini ilifanya madonge. Tofauti ni hii: madonge yale yalikuwa na dawa. Fundi aliitwa, mshono ukafumuliwa, sufi ikachambuliwa na kuanikwa juani, ikaongezwa kidogo, ikashonwa upya. Mwenye nyumba alikuwapo na aliona kwa macho yake kilichomo. Godoro la sponji likishabonyea halina fundi. Kwa hiyo hukumu yote iko siku ya kununua, na siku hiyo ndiyo tunayotazama maua.

Na sisi Waislamu tuna mafunzo ya jambo hili kabla hata ya sponji kujulikana. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye fungu la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, na vidole vikagusa unyevu. Mwuzaji alijitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, na onyo likatolewa kuwa mwenye kughushi hayumo katika kundi lake. Hatukosi kulisikia hilo misikitini. Lakini ni wangapi wetu tunaokumbuka kwamba mnunuzi pia ana mkono? Fungu la nafaka halikukaguliwa kwa kutazamwa juu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: godoro lipimwe kwa mizani kama nyama inavyopimwa. Kila duka la magodoro liwe na mizani, na kwenye godoro ziandikwe kilo zake halisi badala ya maneno ya sifa. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa tunalo tangu mwaka 1974, na alama yake ni vyema itafutwe. Lakini alama hushonwa juu ya kitambaa, na kitambaa ndicho kilichonidanganya. Mizani iliyo mbele ya mnunuzi haihitaji kusoma.

Najua kuna watakaosema kuwa mizani nayo yaweza kuhadaiwa. Kweli. Yapo magodoro yaliyogandishwa kwa vipande vya masalio ya sponji, nayo huwa mazito na magumu sana. Yafaa kwa anayeyataka, mradi ajue anachonunua. Tena unga wa chokaa huweza kutiwa katika sponji ukaongeza uzito bila kuongeza nguvu. Ndiyo maana nasema mizani na mkono viende pamoja. Fungua zipu. Tazama kama ndani ni kipande kimoja au ni viraka. Bonyeza kwa goti, si kwa kiganja, uone linavyorudi. Sugua ukingo kwa kidole, likimomonyoka, liache. Mwuzaji anayekataza zipu isifunguliwe amekwisha kukujibu.

Wengine watasema maskini hana uwezo wa kununua zito. Nami najibu kuwa maskini ndiye asiyemudu jepesi. Tuseme godoro la shilingi 4,000 lafa kwa mwaka mmoja, na la shilingi 9,000 ladumu miaka sita. Nani aliyetumia zaidi? Na kama fedha ni chache, apunguze unene, asipunguze uzito wa sponji. Inchi 6 za kweli ni bora kuliko inchi 8 za upepo.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Siku ya pili tulishuka Kisii mjini na kutafuta duka lililokubali kufungua zipu. Tukanunua la inchi 6. Lilipotundikwa kwenye mizani ile ile ya mwuza mahindi, lilikuwa na kilo 9 na robo. Jembamba likalishinda nene kwa uzito, na watu waliokuwa wakisubiri kupima mahindi yao wakacheka. Tuliondoa ule mfuko wa nailoni, ambao wengi huuacha ukatoa jasho, na tukaliweka juu ya chaga zilizokaribiana ili hewa ipite chini, kwa kuwa katika nchi ya unyevu godoro lililolazwa sakafuni huota kuvu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu sikumwuliza binti yetu amelalaje. Nilimwambia hivi: "Mwanangu, nikikupa kitu kibovu, niambie ni kibovu. Usinistahi." Alicheka, akasema, "Na wewe mjomba, ukilala vibaya, sema."

Tukakubaliana hivyo. Nawe msomaji, kabla hujampelekea bibi harusi au mzazi wako godoro, lifungue zipu na ulipandishe mizanini.