Tupande Miti kwa Kamba, Tusipande kwa Macho

Wahenga walisema akili ni mali. Leo nataka tuitumie mali hiyo kwa jambo linalotusumbua sisi wa kidato cha tatu: posho mili iliyo ng'ambo ya ua. Ikianza kunguruma, mwalimu hupaza sauti mpaka koo likamkauka, na sisi wa nyuma tunaandika tusichokisikia.

Mvua ikinyesha tutapanda miti pale uani. Wengine wanasema tupande popote palipo wazi. Mimi nakataa kabisa.

Mjini Madrid, Uhispania, kuna sanamu ya Eusebio Sempere ya mabomba ya chuma yaliyosimamishwa kwa safu, sentimita 10 kutoka bomba hadi bomba. Mwaka 1995 wanasayansi waliipima wakaona ajabu: sauti inayotetemeka karibu mara 1670 kwa sekunde ilipungua sana ilipopita hapo, ingawa upepo hupenya bila shida. Siri ni nafasi. Ikiwa nafasi ni nusu ya urefu wa wimbi, kila safu hurudisha sauti kidogo, na vipande hivyo hukutana, vikaongezana nguvu na kurudi vilikotoka. Pigeni hesabu ya fizikia: 340 gawanya kwa 0.2 ni 1700. Si mbali! Wataalamu wengine wamepanga nguzo hata zikapinda sauti na kuikusanya kama lenzi inavyokusanya mwanga. Na mwaka 2006 watafiti wa Uhispania walionyesha kuwa hata miti ikipandwa kwa mpango huo hupunguza kelele.

Utaniambia, mti si bomba la chuma. Kweli. Safu moja haitoshi, na si kila sauti itazimwa. Miti iliyoachana mita 1 huzuia hasa mngurumo wa mara 170 hivi kwa sekunde. Tena nitakuwa nimemaliza kidato cha nne kabla miche haijanenepa. Lakini ndugu yangu mdogo bado yuko shule ya msingi. Huenda yeye ndiye atakayekalia dawati langu.

Wazazi wetu hapa Mau Narok hupanda viazi kwa kamba, mistari ikanyooka. Mbona miti ya shule tuipande ovyo? Naomba walimu watupe kamba na futi, kazi tutafanya wenyewe.