Viti vya Nyumba ya Kupangisha

Akina mama wa Kibuyuni walimao mwani, wanapojaaliwa kujenga nyumba ya kupangisha pamoja na vyombo vyake, hujiuliza: sebuleni tuweke viti gani?

Tuanze na fikihi. Ijara ni kuuza manufaa, na kiti ni amana mkononi mwa mpangaji. Kikichakaa kwa kukaliwa, hasara ni ya mwenye nyumba. Kikivunjika kwa uzembe wa mpangaji, yeye atalipa. Haifai, basi, kumkata mtu dipoziti yake kwa kitambaa kilichopauka, wala kuficha mguu uliopasuka chini ya shuka. Siku ya kukabidhiana funguo, andikeni orodha ya viti na hali zake, mbele ya mashahidi.

Kwa kuwa uchakavu ni wenu, chagueni kinachodumu. Hewa ya bahari hula misumari na miguu ya chuma. Masika hutia ukungu sofa nene zilizobanwa ukutani. Viti vya mbao ngumu, vyenye mito ya kuvuliwa foronya zikafuliwa, ni bora. Viacheni mbali kidogo na ukuta, upepo upite.

Na asiye na uwezo huo, mkeka wa ukindu na mito ya kuegemea vyatosha. Msikope kwa riba ili kupamba sebule. Pato la nyumba hiyo ndilo litakalowalisha watoto wenu.

Wabillahi tawfiq.