Mzee, Usitingishike

Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wawili ili akalale vibaya kitandani kwa dakika 40. Nasema hivyo kwa makusudi, maana ndivyo faili lake linavyosema, kwa lugha ya kistaarabu zaidi: mgonjwa hakutoa ushirikiano.

Ni mkulima wa pamba huku kwetu Zagayu, mkoani Simiyu. Jiwe lilikuwa limetoka kwenye figo, likashuka na kukwama kwenye mrija wa mkojo, usawa wa mifupa ya nyonga. Tulisafiri siku nzima hadi hospitali moja kubwa yenye mashine ya kuvunja mawe kwa mawimbi ya mshtuko. Nilimsindikiza kwa sababu mimi ndiye "msomi" wa ukoo, na kwa sababu Kiswahili anakijua lakini maumivu huyasema kwa Kisukuma.

Aliambiwa maneno machache: "Mzee, panda, lala kifudifudi, usitingishike." Mimi nikaambiwa nikae nje.

Alinisimulia baadaye. Alipoambiwa alale kifudifudi, huku kanzu ya hospitali ikiwa wazi mgongoni na binti wa umri wa wanawe amesimama pembeni, alijua anachomwa sindano ya makalio. Akakaza misuli akisubiri. Pigo la kwanza likaja kutoka chini, tumboni. Akanyanyuka aone kinachomuuma. "Mzee, usitingishike!" Akageuza shingo na bega ili aulize. "Mzee!" Tangu hapo alibana pumzi hadi ikamshinda, akaiachia, akabana tena. Jiwe halikuvunjika.

Sasa, kwa nini kifudifudi? Jibu halihitaji digrii. Mawimbi yale hupita kwenye maji, na kwenye nyama pia, maana nyama ina maji mengi. Yakikutana na mfupa hupotelea humo; yakikutana na hewa hurudi nyuma. Jiwe likiwa kwenye figo, mgonjwa kwa kawaida hulala chali na mawimbi huingilia kiunoni. La baba mdogo lilikuwa na mfupa nyuma yake, kwa hiyo njia iliyo wazi ilikuwa tumboni. Ndiyo maana pia hupakwa jeli: mapovu ya hewa yakibaki kati ya ngozi na mashine, nguvu inaishia hapo. Na mawimbi yote hukusanywa mahali padogo sana. Mgonjwa akisogea kidogo tu, jiwe linatoka kwenye shabaha na kinachopigwa ni nyama yake.

Yaani ulalaji ni nusu ya tiba. Mwaka 1980, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa hivi mjini Munich, Ujerumani, alishushwa ndani ya beseni kubwa la maji. Nadhani hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba mahali alipo mwili wake pana maana. Leo beseni limebaki historia, kimekuja kitanda, na kitanda kila mtu anadhani anajua kukilalia.

Nilipolalamika, nilijibiwa kwa sentensi ninayoichukia kuliko zote katika utumishi wa umma: "Wazee wa vijijini hawana uelewa."

Hawana uelewa? Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kupulizia dawa ya pamba. Kabla sijagusa bomba, alinisimamisha shambani, akachukua vumbi, akaliachia lipeperuke. "Umeona linakokwenda? Kaa huku." Akanieleza dawa ikinirudia usoni itanifanya nini. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, na sikuwahi kukosea. Mtu anayejua kwamba mahali unaposimama ndipo dawa inapofanya kazi au inapokuua angeshindwaje kuelewa habari ya mfupa na jiwe?

Najua foleni ni ndefu na wataalamu ni wachache. Lakini kikao kimoja kinaweza kufika mapigo 3,000, mara nyingi 60 hadi 90 kwa dakika. Palipo na muda huo hapakosekani dakika mbili za kusema: pigo litatokea chini, litakushtua, pumua taratibu, ukizidiwa inua kidole tutasimamisha. Na kumfunika shuka. Lugha yetu ina chali, kifudifudi na ubavu. Maneno yapo, kilichokosekana ni "kwa sababu".

Mara ya pili ng'ombe wa kuuza alikuwa mmoja. Wiki moja kabla ya safari nilitandika mkeka chini ya mwembe, baba mdogo akalala kifudifudi, mto chini ya kifua, mimi nikigonga sufuria kama mashine. Wajukuu walicheka hadi wakafukuzwa. Yeye hakucheka. Alitaka nigonge haraka zaidi, kisha nigonge bila kumpa taarifa.

Mashine ilipowashwa hakunyanyuka. Siku tatu baadaye aliniita nione kilichobaki kwenye kitambaa cha kuchujia mkojo: punje za kijivu, ndogo kuliko mtama. Amezihifadhi kwenye kibiriti.

Faili bado linasema hakutoa ushirikiano. Nimeomba lirekebishwe, mara mbili.