KONA YA SATARANJI: Ini la Kukaanga

Wazazi wanatuuliza watoto wanapiga kelele za nini darasani kila Jumamosi. Basi tuwaeleze.

Klabu yetu ina ubao mmoja. Anayeshindwa anaondoka, anayeshinda anabaki na kete nyeupe. Papa mmoja, fundi cherehani, alibaki Jumamosi tatu mfululizo, na silaha yake ni moja tu: Ini la Kukaanga. Ndivyo Waingereza wanavyoiita, Waitaliano husema fegatello. Ni ya zamani kweli, Polerio aliicheza kule Roma karibu mwaka 1610.

Inakwenda hivi. Mweupe anatoa askari, farasi na askofu, halafu farasi anaruka mpaka g5. Sasa wawili wanaivizia f7, na f7 inalindwa na mfalme peke yake. Mweusi anamzibia askofu kwa askari d5, mweupe anamla. Hapo ndipo watoto wetu wote walikwisha, maana wanalipiza kwa farasi. Papa anamtoa farasi wake sadaka pale f7, mfalme anamla, malkia anakuja f3: cheki! Anamtisha mfalme na farasi kwa pamoja. Ukitaka kumwokoa farasi, mfalme anatoka e6, katikati ya uwanja, kama mtu aliyefukuzwa bafuni na taulo.

Binti mmoja wa darasa la sita alichapwa hivyo mara mbili. Akatuambia harudi tena, wavulana wanamcheka. Tulikaa naye jioni moja, vifuniko vya soda juu ya karatasi. Jibu hatukumpa. Tulimwuliza tu: kwani ni lazima ule?

Jumamosi ikafika. Hatua ya tano, hakula. Alimpeleka farasi a5 kumfukuza askofu.

“Eh! Farasi pembeni!” wavulana wakacheka.

Papa akatoa cheki kwa askofu b5, binti akaziba kwa c6, askari wakalana, askofu akarudi nyuma. Askari h6 akamfukuza na farasi. Binti alipungukiwa askari mmoja, lakini kete zake zilikuwa zinatoka na za Papa zinarudi nyumbani. Papa akavua miwani, akaifuta.

Hakushinda, baadaye aliharakisha. Zikabaki ngome moja moja na wafalme: sare. Sheria yetu haikutaja sare, kwa hiyo tuliamua waondoke wote wawili. Papa alikubali kwa shida. Tuliwasikia wakibishana mpaka bombani juu ya ile hatua ya tano.