Lawama Zisiishie kwa Mwenye Usukani

Kila itokeapo ajali kubwa, neno la kwanza litolewalo ni kwamba fulani amekosea. Basi likipinduka, dereva ni mzembe. Ndege ikianguka, rubani hakuijua kazi yake. Mtambo ukiharibika, mfanyakazi alibonyeza pasipopaswa. Neno hilo husemwa upesi, maana anayelaumiwa mara nyingi amekwisha kufa, na kama yu hai ni mtu mnyonge asiye na wa kumtetea. Sisi twaona kwamba desturi hii si ya haki, na tena ni ya hatari.

Hatusemi kwamba wafanyakazi hawakosei. Dereva anayeendesha basi akiwa amelewa ni mkosaji, naye astahili adhabu. Lakini yako makosa ambayo mtu hutegewa na chombo chenyewe, kama mtego utegwavyo njiani. Si haki kumwadhibu aliyeukanyaga, na aliyeutega akaachwa aende zake.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ingali uwanjani, wakakunja magurudumu badala ya kurudisha vibao vya mabawa. Ndege ikalala kwa tumbo. Taarifa zikasema: kosa la rubani. Mwaka 1943 mtaalamu wa saikolojia, Alphonse Chapanis, aliitazama sehemu ya rubani akaona kwamba swichi za kazi hizo mbili zilifanana, tena zilikaa ubavu kwa ubavu. Katika ndege za C-47, ambazo hazikupangwa hivyo, marubani hawakuwa na shida hiyo. Dawa ikawa ndogo: kishikio cha magurudumu kikatiwa umbo la gurudumu, na kile cha vibao umbo la kabari, ili mkono utambue hata gizani. Marubani hawakubadilishwa. Kilichobadilishwa ni kishikio.

Lakini somo hilo halikushikwa na wote. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama wazi, na maji ya kupoza tanuri yakavuja kwa zaidi ya saa mbili. Taa iliyokuwa mbele ya wafanyakazi ilionyesha kwamba amri ya kuifunga vali imepelekwa; haikuonyesha kama vali imefunga kweli. Wakati huo huo ving'ora zaidi ya 100 vililia kwa pamoja. Mtu aliyedanganywa na taa yake ataamuaje sawasawa?

Nasi wa Afrika Mashariki tunalo kaburi la karibu zaidi. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ya aina ya Boeing 737 MAX iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka baada ya dakika sita. Watu wote 157 walikufa. Kati yao 32 walikuwa ndugu zetu wa Kenya, idadi iliyopita ya taifa lingine lolote. Miezi michache kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeua watu 189 huko Indonesia.

Na nani alilaumiwa? Mwezi Mei 2019 mjumbe mmoja wa Bunge la Marekani alisema hadharani kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangaliiweza hali ile. Maneno hayo yalituchoma. Mbaazi akikosa maua husingizia jua. Ukweli ni kwamba ndege hizo zilitiwa mtambo wa MCAS, uliosukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kipimo kimoja tu. Marubani wa Lion Air hawakuwa wameambiwa kwamba upo. Onyo la kuwajulisha marubani kwamba vipimo viwili havipatani halikufanya kazi, isipokuwa kwa mashirika yaliyonunua kifaa cha ziada. Na kampuni ilijua hivyo tangu mwaka 2017. Marubani wa Ethiopia walikata umeme wa mtambo kama walivyoagizwa, lakini gurudumu la mkono likawa zito mno kuzungushwa. Mwezi Septemba 2019 wachunguzi wa Marekani wenyewe walisema kwamba waundaji hawakufikiri vya kutosha jinsi maonyo mengi ya pamoja yanavyomvuruga rubani. Mwezi Januari 2021 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5, katika mapatano juu ya shtaka la kuwadanganya wakaguzi wa serikali.

Wako watakaotujibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, mvivu husingizia jembe. Lakini jembe ambalo mpini wake huchomoka na kumpiga kila mkulima alishikaye, huyo si mkulima mbaya. Hilo ni jembe baya.

Mitambo mingi tuitumiayo viwandani, hospitalini na barabarani imeundwa ng'ambo, na maandishi yake ni ya lugha za ng'ambo. Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, kila tume ya kuchunguza ajali ikiandika "kosa la binadamu", isifunge daftari. Iulize ni kitu gani kilichomfanya binadamu huyo akosee, na kama mwenziwe naye angalikosea. Pili, mfanyakazi atakayetoa habari kwamba nusura akosee asiadhibiwe, bali asikilizwe. Tatu, kabla ya serikali au shirika kununua mtambo, waitwe watakaoushika, wautazame na kuujaribu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kumfukuza dereva mmoja ni kazi rahisi. Lakini mtego ukiachwa palepale, atakayekuja baada yake ataukanyaga, pamoja na abiria wake wote.